Mume wangu ameacha dawa za presha. Nimtilie kwenye uji?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Mbagala Kizuiani na mume wangu, watoto wetu wanne na mama mkwe. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa daladala. Ni mtu wa mwili, mwenye nguvu zake, hajawahi kulazwa hata siku moja. Mtu wa namna hiyo kumwambia habari za ugonjwa ni kazi.

Mwaka huu walikuja watu wa afya viwanja vya Zakhem kupima bure. Alikwenda kwa kufuata wenzake tu. Akaambiwa presha yake ni 172 kwa 104, aende hospitali. Tukaenda kituo cha afya, wakampima tena ikawa 168 kwa 102, wakampa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Akanywa vizuri, na aliporudi mwezi uliofuata ikawa 134 kwa 84. Tulifurahi. Alipotoka pale akasema amepona, akaacha. Siku chache baadaye akapima duka la dawa karibu na stendi, ikawa 136 kwa 86. Akarudi nyumbani anatamba: unaona? Dawa nimeacha na presha haipo.

Sasa imepita miezi. Shemeji yangu ana kile kimashine cha kuvaa kama saa. Akijipima nacho mara anapata 128 kwa 80, mara 150. Juzi duka la dawa wamempima ikawa 166 kwa 100, akasema mashine yao mbovu, tena alikuwa ametoka kugombana na konda wake. Mimi sijui tena niamini namba ipi. Mama mkwe anasema presha ni ugonjwa wa mawazo, wazee wao hawakuwa nao, na dawa za hospitali ukizianza huziachi mpaka kaburini. Kila asubuhi anamsagia kitunguu saumu na ndimu. Wiki iliyopita mume wangu alishuka kwenye gari akapata kizunguzungu, wenzake wakasema presha imeshuka, wakamlambisha chumvi na kumpa soda.

Jambo jingine nakwambia wewe tu. Usiku mmoja alinieleza sababu ya kweli. Anasema tangu aanze zile dawa nguvu za kiume zilipungua, na kijiweni wamemhakikishia kuwa dawa za presha zinamaliza wanaume. Siku hizi ananunua vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu. Hataki lijulikane, na mimi siwezi kulitaja mbele ya mama yake.

Baba yake alifariki akiwa na miaka 52. Alianguka bafuni alfajiri, mdomo ukapinda, hakusema tena. Wakasema katupiwa kitu, wakampeleka kwa mganga kwanza. Nikiona mume wangu amechelewa kutoka bafuni moyo unanidunda.

Vidonge vimebaki vingi kabatini. Nimewaza kuvisaga nimtilie kwenye uji wa asubuhi bila yeye kujua. Nifanye hivyo? Na je, chumvi nikiitoa kabisa kwenye chakula cha nyumba nzima, haitatosha bila dawa?

Mama Nasra, Mbagala


Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo uliobeba peke yako.

Nianze na uji, kwa sababu vidonge viko kabatini na kesho asubuhi sufuria itakuwa jikoni. Usimtilie. Mumeo anaendesha gari lenye abiria. Akinyweshwa dawa asiyoijua, akapata kizunguzungu au miguu ikavimba, hatajua imetoka wapi na daktari hataambiwa. Tuseme siku moja moyo umemsuta, akaamua kurudi kwenye dawa kimyakimya kama alivyoacha: atameza chake, halafu atakunywa chako ndani ya uji. Au atakwenda kliniki, aseme kwa dhati kabisa kwamba hanywi kitu, wapime, waandike dawa kwa kutazama namba ya uongo. Na siku akijua, chakula chako hatakila tena kwa amani, na dawa ya presha atakuwa ameifanya adui. Mwili ni wake. Najua hofu ndiyo iliyokufikisha hapo, na hofu yako ina msingi. Ndiyo maana nitakujibu kwa urefu, ili uwe na maneno ya kumwambia.

Damu inapopita kwenye mishipa inasukuma kuta zake. Namba ya juu, ile 172, ni msukumo moyo unapojikamua kupeleka damu mwilini. Ya chini, 104, ni msukumo unaobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Mtu akipimwa kituoni siku tofauti akapata 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha ya kupanda, na wala si lazima namba zote mbili zivuke, moja ikivuka inatosha. Mumeo alipata 172 kwa 104 Zakhem, akapata 168 kwa 102 kituo cha afya. Hapo hakuna cha kubishana. Ana presha.

Kinachowaponza watu wengi ni kwamba hawasikii chochote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wapatao bilioni 1.3 wana presha, na karibu nusu yao hawajui. Wanalima, wanaendesha magari, wanalea. Wengine wanangoja kichwa kiume kisogoni ndipo waamini, na kwa wengi hakiumi mpaka namba ziwe mbaya sana, au kisiume kabisa. Wakati huohuo mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho inaendelea kuchakaa. Kwa watu wa miaka 40 hadi 69, namba ya juu ikiongezeka kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo huongezeka kama maradufu. Mwambie kwa lugha ya kazi yake: tairi iliyojazwa upepo kupita kiasi inakimbia vizuri tu barabarani, haimlalamikii dereva, mpaka inapopasuka.

Sasa hiyo furaha ya 134 kwa 84. Ile namba iliwekwa na dawa. Alipoacha akapima siku chache baadaye akapata 136 kwa 86, akadhani amepata ushahidi. Amlodipini ni dawa inayokaa mwilini. Kwa mtu anayeinywa kila siku, nusu yake huchukua kama saa 30 hadi 50 kutoka, kisha nusu ya iliyobaki nayo huchukua muda kama huo. Kwa hiyo siku ile pale duka la dawa alikuwa bado anatembea na dawa kwenye damu. Kama angengoja wiki mbili tatu ndipo apime, angeliona jibu jingine, na jibu hilo ndilo mliloliona juzi: 166 kwa 100. Yeye anasema mashine mbovu. Mimi naona namba hiyo inafanana sana na zile mbili za mwanzo.

Hata hivyo hajakosea katika jambo moja, nami nataka umpe haki yake hapo: kupima vibaya kunaleta namba mbaya. Ametoka kugombana na konda, ameingia dukani anahema, amekaa kwenye kiti kisicho na egemeo, mkono unaning'inia, anaongea na muuzaji, mkojo umembana tangu asubuhi. Kila kimoja katika hivyo kinapandisha namba, na kibofu kilichojaa au mkono usioegemezwa kinaweza kuongeza hadi 10 peke yake. Halafu umesema ni mtu wa mwili. Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo aombe mkanda mkubwa, na kituo cha afya ndiko wanakostahili kuwa nao.

Kimashine cha shemeji nacho kina lake. Vya kuvaa kama saa havitegemewi kama vya mkono wa juu, maana vinabadilika kulingana na mkono ulivyowekwa. Akiuinua juu ya usawa wa moyo inasoma chini, akiuangusha pajani inasoma juu. Hapo ndipo zinapotoka 128 na 150 kwa mtu yuleyule. Mkiweza kuchanga na shemeji mkanunua mashine ya kufunga mkono wa juu, itakuwa fedha iliyotumika vizuri, na siku ya kwanza mwende nayo kituoni muilinganishe na ya kwao.

Apime hivi. Asiwe amekunywa kahawa, chai ya rangi nzito au kinywaji cha kuchangamsha kwa nusu saa, asiwe amevuta sigara. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Asiongee. Apime, angoje dakika moja, apime tena. Afanye hivyo asubuhi kabla ya kutoka na usiku akirudi, kwa siku saba, uandike zote kwenye daftari bila kuchagua nzuri. Namba za siku ya kwanza ziacheni, zilizobaki mtafute wastani. Nyumbani kipimo ni 135 kwa 85, kwa sababu watu wengi wakiwa kwao hutulia kuliko mbele ya koti jeupe. Lakini usimwache angoje wiki hiyo iishe ndipo aende kliniki. Aende sasa, daftari litamfuata.

Kile kizunguzungu cha stendi kimenikera, na nikisema kimenikera sina maana ya mumeo. Hapa mjini kila anayeyumba anaambiwa presha imeshuka, analambishwa chumvi, bila mtu kugusa mashine. Dereva aliyekaa juani tangu alfajiri bila maji wala chakula anaweza kuyumba akisimama ghafla. Anaweza pia kuyumba kwa sukari, kwa upungufu wa damu, au presha ikiwa juu mno. Kwa sura huwezi kujua. Chumvi kwa mtu mwenye 166 ni kumwongezea mzigo. Akiyumba, mkalisheni au mlazeni kivulini, mpeni maji kama anameza vizuri, mkampime presha na sukari.

Tuje kwenye jambo la usiku. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na naamini wanaume wengi wanaoacha dawa hizi wanaacha kwa sababu hiyo, ila kwa daktari wanasema wamepona. Kwa hiyo usimwone mumeo ni mtu wa ajabu. Nguvu za kiume ni damu kufika mahali pake, na mishipa inayoipeleka ni myembamba kuliko ile ya moyo. Presha isiyotibiwa inaiharibu mapema. Mwanaume anayeanza kushindwa katika umri wa mumeo anastahili kupimwa moyo na sukari, kwa sababu mara nyingine huko ndiko maradhi yanakojionesha kwanza.

Dawa nazo si zote sawa. Zinazolaumiwa zaidi ni baadhi ya dawa za kukojoza na zile za kupunguza mapigo ya moyo kama atenololi na propranololi. Amlodipini aliyopewa mumeo haimo sana kwenye lawama hizo. Inajulikana zaidi kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Na kijiwe kina nguvu yake. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Italia uliofanywa kwa wanaume wenye maradhi ya moyo au presha, wote wakipewa atenololi. Wasioambiwa ni dawa gani, waliopata tatizo la nguvu walikuwa asilimia 3. Walioambiwa jina la dawa, asilimia 16. Walioambiwa jina na kwamba inaweza kuleta tatizo hilo, asilimia 31. Dawa ni ileile. Sisemi anajidanganya, maana anachokiona kitandani anakiona kweli, na wasiwasi peke yake unatosha kumshusha mwanaume. Ninasema asitoe hukumu kwa maneno ya kijiweni.

Aende kwa daktari aseme wazi: nilipoanza dawa hii nguvu zilipungua. Sentensi hiyo moja inabadilisha matibabu. Daktari ana za kubadilisha: kuna losatani na nyingine za jamii yake, kuna kuchanganya dozi ndogo za dawa mbili badala ya kubwa ya moja. Kuna utafiti uliochapishwa 2019 uliofanywa kwa Waafrika weusi katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, ulioonesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ndani yake ilishusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. Kwa hiyo akikuta daktari anaibakiza amlodipini na kuongeza nyingine, asishtuke. Kama anaona aibu kusema mbele yako, mwache aingie peke yake.

Vumbi la Kongo aliache. Hakuna anayejua ndani kuna nini wala linagombana na nini. Na vidonge vya nguvu vinavyouzwa kwa siri asivimeze bila daktari kujua, kwa sababu mtu akiwa anatumia dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti, akachanganya na hivyo, presha inaanguka ghafla kiasi cha kuua. Nikiwa hapohapo kwenye vidonge: madereva wengi wanaishi kwa diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Hiyo nayo inapandisha presha na kuumiza figo. Kama mumeo anazo mfukoni, azitaje kliniki.

Mama mkwe anasema wazee hawakuwa na presha. Muulize kwa heshima, walipimwa na nani? Baba mkwe wako alianguka akiwa na miaka 52, mdomo ukapinda, kauli ikakatika. Mimi sikuwepo, lakini hizo ni dalili za kiharusi, na chanzo kikubwa cha kiharusi ni presha. Kuna rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, aliyekuwa na madaktari kila upande. Machi 1944 alipimwa akakutwa na 186 kwa 108, akiwa anaongoza vita ya dunia. Dawa nzuri za kushusha presha hazikuwepo. Tarehe 12 Aprili 1945 alishika kisogo akasema kinamuuma sana, akaanguka, na siku hiyohiyo akafariki kwa kiharusi. Mumeo leo anapata kituo cha afya cha Mbagala kitu ambacho Ikulu ya Marekani haikuwa nacho, tena kwa dawa ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu.

Na mjini mambo ni mazito zaidi. Utafiti wa kiharusi uliofanyika hapa Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2010, ulionesha kwamba ukisawazisha tofauti za umri, kiharusi kilikuwa kinawapata watu wa Dar karibu mara tatu ya watu wa Hai. Presha, uzito, kukaa, chumvi, pombe, sigara, usingizi wa vipande: ukiutazama mchana wa dereva wa daladala utaviona vingi.

Kuhusu kutoacha mpaka kaburini, mama ana sehemu ya ukweli, nami sitaki ufiche. Watu wengi wenye presha hunywa dawa miaka yote. Haiwi hivyo kwa sababu dawa imewateka. Presha yenyewe huwa haijaondoka. Wapo wanaopunguza uzito, wakabadili chakula, na daktari akapunguza dozi au akawaachisha huku akiwapima. Kuacha kwa namna hiyo ni tofauti na alivyoacha mumeo. Kitunguu saumu na ndimu mwache mama aendelee kumpa. Kinaweza kusaidia kidogo, na ni mapenzi ya mzazi. Kisichukue nafasi ya kidonge, basi.

Chumvi sasa, maana hapa una mamlaka kamili. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hicho ni cha vyakula vyote. Huko Ulaya na Marekani nyingi inaingia kwenye vyakula vya kiwandani. Kwetu nyingi inatoka kwenye mkono wa mpishi na kwenye kichupa cha mezani. Fanya hesabu hii: nyumba yako ina watu saba. Gramu 5 mara saba ni 35 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ingepaswa kukaa wiki mbili hata kama hakuna chumvi nyingine yoyote iliyoingia ndani. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha ndani ya wiki moja, umepata jibu, na bado hujahesabu mkate, ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi, viungo vya paketi na vidonge vya mchuzi, ambavyo vina chumvi tele.

Usiitoe yote kwa siku moja, watakususia chakula. Punguza robo, baada ya wiki chache punguza tena, ulimi unazoea. Ng'onda na dagaa waloweke, umwage maji. Ongeza ndimu, tangawizi, kitunguu, bizari, pilipili, nazi kiasi. Kichupa cha chumvi kitoke mezani. Bakiza chumvi yenye madini joto kwa ajili ya watoto, na usipoteze fedha kwa ile ya pinki ya mawe, ni chumvi vilevile. Mchicha, matembele, maharage, ndizi, papai na viazi vitamu vina potasiamu inayosaidia kushusha presha, ila figo zake zipimwe kwanza, kwa sababu mwenye figo dhaifu anawekewa mipaka ya vyakula hivyo.

Nje ya nyumba ndiko kugumu: supu ya asubuhi anayoiongezea chumvi kabla ya kuionja, chipsi zinazonyunyiziwa mpaka zinameta, embe la chumvi na pilipili foleni ya jioni. Mfungie chakula anapoweza kubeba. Kwa mwendo, kama anaanza kazi alfajiri, sitamwambia aende mazoezini. Atembee kutoka nyumbani mpaka gari linapolala, ashuke wakati wa kupanga foleni azunguke stendi, dakika kumi kumi. Zikifika 150 kwa wiki amefanya vizuri. Kilo moja ya mwili ikipungua, namba ya juu hushuka kama kwa 1. Na kama anakoroma mpaka pumzi inakatika usiku, mtaje hilo kliniki, linapandisha presha.

Je, chumvi peke yake itatosha? Kwa 138 ningekwambia tujaribu. Kwa 166 na 172, hapana. Vyote viwili kwa pamoja.

Namna ya kumwambia: chagua siku asiyoingia barabarani, mkiwa wawili, mama akiwa kwa majirani. Usianze na namba. Anza na pale alipoanza yeye, usiku ule. Mwambie umesikia, umeuliza, na kuna dawa nyingine. Halafu mwambie kuhusu bafuni, jinsi unavyosikiliza mlango. Mwanaume anayekataa kutishwa na daktari mara nyingi hakatai kusikia mkewe anavyoogopa. Umwombe jambo dogo: kliniki mara moja, na wiki moja ya daftari. Mambo ya kunywa miaka yote yaacheni kwanza. Vile vidonge vya kabatini mwende navyo, waangalie tarehe ya mwisho ya matumizi, na waulize kama aanze navyo au abadilishiwe. Waombe wampime pia sukari, mkojo, na kazi ya figo.

Na Mungu apishe mbali, lakini nyumba nzima ijue hili, mama mkwe akiwa wa kwanza: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakakwama au yakatoka ovyo ghafla, hiyo ni hospitali palepale. Muwahini Hospitali ya Rufaa ya Temeke au Muhimbili kwa gari lolote lililo karibu, mkumbuke saa dalili zilipoanza, maana matibabu ya kuyeyusha damu iliyoganda yana saa chache tu za kufanya kazi. Msimpe kitu mdomoni, wala kidonge cha presha. Mganga asitangulie. Vivyo hivyo akipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au namba ikafika 180 kwa 120 pamoja na dalili yoyote kati ya hizi. Ikifika hapo bila dalili, apumzike dakika tano arudie kupima, na ikibaki hapo aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Wewe katika barua yote hukuniambia yako ni ngapi. Una watoto wanne, mama mkwe, na usingizi wa kusikiliza mlango wa bafuni. Kama ulipata presha au kifafa cha mimba katika ujauzito wowote, wewe mwenyewe uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata presha baadaye. Siku mtakayokwenda kliniki, umtangulie kukaa kwenye kiti kile upimwe wewe kwanza, kisha unitumie namba zenu wote wawili.